Wa Mawazo, Chumba cha Mwisho

Kuna watu waliopewa sauti, na kuna Mama Kipaza, ambaye siku ya kugawiwa nadhani alipokea yake pamoja na za majirani waliochelewa kufika. Jina hilo alibandikwa na wagonjwa wa kituo cha afya, naye hakulikataa, kwa kuwa lilikuwa la haki. Alikaa dirisha la mapokezi, lile lenye nondo zilizopakwa rangi nyeupe na kibao cha mbao alichokigonga kwa pete yake ya ndoa kila watu walipozidisha soga. Kila aliyekuja kutibiwa alipita kwake. Yeye ndiye aliyekuuliza unaumwa nini, tangu lini, na jana ulikula nini, na zamu yako ikifika yeye ndiye aliyekuita.

Sasa hapo kwenye kuita ndipo palipokuwa na mambo. Kwingine watu huitwa kwa majina. Mama Kipaza alikuwa na hoja yake: majina yanafanana, ukiita moja wanasimama watu wanne na hakuna anayekubali kukaa. Lakini ugonjwa, alisema, kila mtu anaujua wake. Basi aliita kwa ugonjwa.

"Wa jipu, mlango wa kushoto!"

"Wa kuharisha, chumba cha pili, na usikimbie, sakafu imelowa!"

"Wa jino! Wewe uliyeshika shavu, mbona unaduwaa?"

Benchi zima lilicheka, wa jipu mwenyewe akicheka huku anachechemea, na kazi ikaenda. Ukimlalamikia alikujibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akakuita kwa sauti ya juu zaidi ili usije ukafa. Watu wazima walikuwa wamekwisha kumzoea. Wapo waliokuja na kikohozi cha kawaida wakakikuza kidogo pale dirishani, ili nao waitwe kwa heshima.

Na yaliyosemwa dirishani hayakuishia dirishani. Tusimwonee: mama huyu hakuwa na roho mbaya, wala hakumsema mtu kwa nia ya kumwangusha. Hakuwa na kifua tu. Ukimpa siri asubuhi, mchana utaikuta sokoni inapimwa pamoja na vitunguu. Mumewe, fundi bomba, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na sidhani kama alizaliwa hivyo. Ukioa redio isiyozimwa, unajifunza kusikiliza.

Basi kituoni akaja mshauri. Alikuwa kijana mwembamba, sauti yake ya chini hata ukitaka kumsikia ilibidi usogeze kiti. Alipewa chumba cha mwisho ukumbini, kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Akakipaka rangi mwenyewe, akaweka viti viwili vya kutazamana kwa pembeni, jagi la maji na bilauri. Kwenye kikao cha wafanyakazi alieleza kazi yake: vijana wenye huzuni isiyokwisha, wenye hofu, waliopoteza usingizi au hamu ya kuishi, waje waongee, wasikilizwe, wajifunze namna ya kusimama tena baada ya kuanguka. Daktari mkuu wa kituo, mtu mkavu aliyetembea wima kama aliyemeza rula, alisema, "Karibu," na kwa upande wake hiyo ilikuwa hotuba. Mama Kipaza alipiga makofi. Jioni hiyo habari ilifika kwa msusi, kwa muuza maziwa na kwenye foleni ya maji, tena bila malipo yoyote.

Na vijana walikuja kweli. Siku ya kwanza walijipanga benchi la nyuma, kila mmoja ameinamia simu yake kana kwamba amefika hapo kwa bahati mbaya. Zamu ilipofika pete iligonga kibao.

"Wa mawazo! Wa mawazo, chumba cha mwisho! Msione haya wanangu, ingieni!"

Benchi la mbele lote likageuka. Kijana mmoja mrefu mwenye jezi ya mpira alisimama, kwa sababu Mama Kipaza alikuwa akimtazama yeye na kumpungia mkono. Akatembea ukumbi mzima masikio yakiwaka moto. Mshauri alikuwa amefungua mlango, anatabasamu. Kijana akamwambia, "Shikamoo," akampita, akatoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena siku hiyo. Mwenzake akakumbuka ghafla kwamba yeye alikuja na mafua. Msichana mmoja akasema anamsubiri shangazi yake, na alipoulizwa shangazi gani akaondoka kwenda kumtafuta. Pete ilipogonga mara ya pili, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Tangu hapo mshauri alikaa chumbani kama bwana harusi aliyesahauliwa. Mama Kipaza alimwonea huruma. "Vijana wa siku hizi wana kiburi," alimwambia mumewe. "Wanaletewa huduma mpaka mlangoni, hawaitaki."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema fundi bomba, akachukua spana yake akatoka.

Mkewe aliona ni msemo mzuri, akaenda kumwambia jirani.

Na nyumbani kulikuwa na jambo. Kitindamimba wao alikuwa amerudi kutoka chuoni kwa likizo. Likizo ikaisha, chuo kikafunguliwa, wenzake wakarudi, yeye bado yumo chumbani amefunga pazia. Alikuwa binti wa maneno na vicheko, wa kumwiga kila mgeni pindi anapoondoka. Sasa chai inapoa mbele yake. Nywele hazijasukwa. Ukimwita anaitika kutoka mbali, ingawa kati yenu kuna ukuta mmoja.

Mama Kipaza hakukaa bure. Kwanza alisema ni uvivu. Kisha akasema ni malaria, akamleta mtu wa maabara nyumbani na sindano yake, damu ikaonekana safi. Akasema ni minyoo, akamnywesha dawa. Akasema ni mapenzi, akataka atajiwe jina na ukoo. Na kila alichokishuku alikitoa nje kama mtu anayetafuta ushauri, hata majirani wakipita dirishani walimsalimu binti kwa wema kabisa: "Habari za minyoo, mwanangu? Imetoka?" Ndipo binti alipofunga na dirisha.

Mchana mmoja mama yake aliketi pembeni mwa kitanda, akashusha sauti mpaka pale ilipokubali kushuka.

"Mwanangu, kazini kwetu kuna kijana mmoja mpole sana. Kazi yake ni kuongea na vijana. Kesho twende."

"Nipite dirishani kwako?"

"Si ndiyo njia."

"Halafu uniite."

"Nitakuita vizuri."

Binti aligeukia ukutani. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo.

"Mama," alisema, "bora nife kuliko kuitwa na wewe."

Hayo ni maneno ya kila siku. Mama Kipaza mwenyewe aliyatumia kwa viatu vinavyobana na kwa chai isiyo na sukari. Lakini binti aliyasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulinganisha hayo mawili na kuona tofauti ni ndogo. Mama akatoka, akasimama jikoni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa. Hakuwa na mtu wa kumwambia, na hilo halijawahi kumtokea.

Kesho yake, kabla benchi halijajaa, aligonga chumba cha mwisho, akaingia, akasema yote bila kukaa. Mshauri alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimemuuliza kila kitu!"

"Kama anafikiria kujiua. Kwa maneno hayohayo, mama, bila kuzunguka."

"Weee! Nimtie wazo mwanangu?"

"Humtii wazo. Kama lipo, lipo tayari, na yupo nalo peke yake. Ukimuuliza atajua kuna mtu anaweza kulisikia na asikimbie. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, nipigie, nitakuja mimi mwenyewe."

Mama Kipaza alikaa. Akapapasa kile kiti cha pili, kipya, ambacho kabla yake hakijakaliwa na mtu.

"Na hawa wengine," alisema, "kwa nini hawaji?"

Mshauri akamimina maji kwenye bilauri, akayatazama. "Niseme kweli?"

"Sema, mwanangu."

"Wanakuogopa wewe."

"Mimi! Ninayewapenda kama watoto wangu!"

"Wanajua unawapenda. Ndiyo maana hawakutukani, wanapita mlango wa nyuma tu."

Alitoka pale amevimba kama andazi. Siku hiyo aliita wagonjwa kwa ukali, na wa jipu walijuta kuwa na jipu. Lakini jioni aliingia chumbani kwa bintiye, akafunga mlango, akauliza kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka. Yeye ambaye alikwisha kuwauliza watu wa mtaa mzima kila kitu, hilo moja lilimtoka kwa shida, kama mwiba.

Binti alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Hapana," alisema. "Kuna wakati nililala nikasema nisipoamka itakuwa sawa tu. Kujiua, hapana. Nimechoka, mama. Nimechoka na sijui kilichonichosha."

Mama Kipaza akalia. Binti akampa pembe ya shuka ajifute, kisha wakakaa wawili wakitazama pazia.

"Ukizidiwa utaniambia?"

"Nikikwambia," aliuliza binti, "na wewe utamwambia nani?"

Swali hilo lilimfuata mama mpaka kazini. Ila Mama Kipaza hakuwa mtu wa kukabili tatizo kwa mbele wakati kuna ujanja wa pembeni. Alijiambia kosa ni neno. Watoto hawapendi "mawazo". Haya, wapewe neno lingine. Akaeneza habari kwamba chumba cha mwisho kimeletewa mashine ya macho, ya vijana tu, na akawanong'oneza wasichana wawili kwa msusi kwamba mashine yenyewe ina masikio. Wakaelewa, wakawaambia wenzao. Kesho yake pete ikagonga: "Wa macho, chumba cha mwisho!" Wakasimama kifua mbele, wakaingia, wakakaa. Hata yule wa jezi alirudi, amevaa miwani ya jua ili kukamilisha ushahidi.

Kwa siku chache mambo yalinoga, kisha yakanoga kupita kiasi. Wazee walisikia. Mzee mmoja mstaafu, aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuja kugomba kwamba kuwapa vijana mashine na kuwaacha waliochakaa macho ni ubaguzi. Aliingia kwa nguvu. Alikaa humo muda mrefu, akatoka anajifuta uso, akalitangazia benchi kwamba mashine hakuiona lakini amezungumza habari za marehemu mkewe kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake wazee wakaja kundi.

"Mama," mshauri alimwambia akiwa hoi, "nakushukuru. Lakini kila kijana anayeitwa wa macho anajifunza kwamba ya moyoni ni aibu, na mimi humo ndani nafanya kazi ya kumfundisha kwamba si aibu. Wewe unajaza, mimi namwaga."

"Ngoja kwanza waingie, mwanangu. Aibu tutaitoa wakishakaa."

Hawakufika mwisho wa ubishi huo, maana nyuma yao alikuwa amesimama daktari mkuu.

"Tuna mashine ya macho?" aliuliza.

Mama Kipaza akaanza kuizungusha pete yake kidoleni.

Daktari mkuu hakufoka. Alichukua makasha ya dawa yaliyokwisha, akayakata vipande, akaandika namba juu yake kwa mkono wake mwenyewe, akavipanga pale dirishani. Kuanzia siku hiyo kila mtu angepewa kipande, awe wa jipu, wa meno au wa chumba cha mwisho, na kuitwa kwa namba. Sababu ya kuja angeisemea chumbani. Wagonjwa wa zamani walinung'unika, wakisema namba haina ladha. Mama Kipaza mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini aliita namba, maana alikuwa amekamatwa na ngozi mkononi, na benchi la nyuma likaanza kujaa taratibu, safari hii bila miwani ya jua.

Habari ya mashine yenye masikio ilimfikia binti kupitia rafiki yake msusi, aliyegonga dirisha mpaka likafunguliwa kidogo. Mama aliporudi alimkuta amekaa kitandani, mabega yanatikisika. Alishtuka, akamkimbilia, kumbe anacheka.

"Wazee kundi zima, mama?"

"Mmoja alikuja na fomu ya leseni ya udereva, anataka agongewe muhuri kwamba macho ni mazima."

Binti alicheka mpaka akakohoa. Mama alisimama pale asithubutu kusogea, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu. Kisha akajikaza kisabuni.

"Sasa wanaitwa kwa namba. Hata mimi sijui nani anakwenda wapi mpaka akishapita. Njoo basi."

Binti alimtazama. Uso ulikuwa umekonda, lakini lile jicho lake la utundu lilikuwa limefunguka kidogo.

"Namba ni ya daktari mkuu," alisema. "Kifua ni chako. Nitajuaje kama unacho?"

"Nijaribu!"

"Haya. Sogea." Akamvuta sikio karibu. "Daktari mkuu anajifunza dansi. Kwenye ule ukumbi wa nyuma ya stendi. Anavaa viatu vyekundu, na mwalimu wake anamshika kiuno akimhesabia hatua. Nimemwona kwa macho yangu. Wewe tu ndiye unayejua, na ikitoka nitajua imetokea wapi."

Jamani. Ukitaka kumtesa mtu asiye na kifua, usimfunge kamba, mpe kitu kama hicho. Wala hakujiuliza mtu ambaye hajatoka ndani tangu likizo alimwona daktari saa ngapi. Aliondoka pale na ile habari inampapatika kinywani kama kuku ndani ya kikapu.

Kesho yake daktari mkuu alipita ukumbini na faili zake, wima kama kawaida, na Mama Kipaza akainamia droo akisingizia anatafuta kalamu. Kila hatua ya yule bwana aliihesabu: moja, mbili, geuka. Alipomuuliza kama makasha ya sindano yamefika, mama alimjibu huku akitazama viatu vyake. Muuza maziwa alipokuja, alianza, "Wewe, unajua kwamba..." akameza, akamalizia, "maziwa yako leo mazito." Kwa msusi hakwenda kabisa. Kwenye foleni ya maji alikaa kimya hata wenzake wakaulizana kama kuna msiba. Nyumbani alikula bila kusema kitu, na fundi bomba, baada ya kumtazama kwa wasiwasi, alilazimika kuongea.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Hapana."

"Nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi sema neno, nyumba inatisha."

"Nyamaza, mume wangu," alisema kwa huzuni, "usinitie majaribuni."

Akavumilia siku iliyofuata, na nyingine. Mwishowe, saa ya kupumzika, alichukua kipande cha namba, akajipa mwenyewe, akajiita kwa sauti ya chini, akatembea ukumbi mzima hadi chumba cha mwisho. Akafunga mlango, akakaa kwenye kile kiti.

"Kinachosemwa humu hakitoki?"

"Hakitoki," alisema mshauri.

"Hata kwa mkeo?"

"Sina mke, mama."

"Huna? Kijana mzima kama wewe! Kwa nini hu—" Akajiziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, yalimwagika: viatu vyekundu, kiuno, moja mbili geuka, viganja vya mwalimu, muuza maziwa, yote. Mshauri aliuma mdomo wa chini, akainuka kunywa maji, akanywa bilauri nzima akiwa amempa mgongo, na mabega yake hayakuwa imara sana. Aliporudi kukaa uso ulikuwa mzito kama inavyotakiwa.

"Ilikuwa nzito?" aliuliza.

"Ilikuwa inaniua." Akavuta pumzi. Na hapo, bila kupanga, akaendelea. Akasema kwamba nyumba ikinyamaza yeye husikia mambo asiyoyataka. Akasema mama yake alikuwa na siku za kugeukia ukutani kama mjukuu wake anavyogeukia, ukoo mzima ukaita ni maringo, na yeye akiwa mtoto alijifunza kupiga kelele ili mama yake ageuke. Akasema sasa ana hofu usiku na mchana kwamba binti naye atageukia huko asirudi, na kwamba ni kelele zake zilizomfungia dirisha. Mshauri hakumwambia si kweli, wala hakumwambia ni kweli. Alimuuliza tu mama yake alipogeuka ilikuwaje, na mama huyu wa makamo akalia kama mtoto, kwa sauti ndogo ambayo benchi la mbele lisingeamini ni yake.

Alipotoka, wenye namba zilizofuata walikuwa wamesubiri na hakuna aliyejua alikuwa wapi. Alijihisi mwepesi, na hakumweleza mtu.

Huku nyuma binti alikuwa na wapelelezi wake. Alimtuma yule rafiki msusi atege sikio. Msusi akarudi na ripoti: kwenye saluni kuna habari za ndoa mbili, wizi wa kuku na mjumbe anayepaka nywele rangi, lakini ya daktari mkuu hakuna hata harufu. Binti akaomba asukwe. Jioni mama aliporudi alikikuta kichwa kimesukwa nusu, mistari mizuri upande mmoja.

"Mama, lile la dansi," alisema binti, "nilitunga."

Mama Kipaza akakaa chini polepole. Mateso yote yale! Muuza maziwa! Alifungua mdomo afoke, akaona bintiye anamtazama kwa makini, jicho moja la utundu na jingine la mtu anayesubiri jibu la jambo kubwa.

"Hata viatu vyekundu?" aliuliza kwa unyonge.

"Hata viatu."

"Vingempendeza lakini," alisema mama, na wote wawili wakacheka.

Hawakusemezana lingine. Lakini siku moja ya wiki iliyofuata, benchi limejaa na watoto wanalia, Mama Kipaza aliinua kichwa dirishani akaona mkono anaoujua umeshika nondo.

"Naomba namba," alisema binti.

Alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi. Maneno yote ambayo mama aliwahi kuyajua yalimjia kooni kwa pamoja: umekula, umekuja na nani, mbona hukuniambia, Mungu wangu asante. Akachukua kipande cha kasha, akampa.

"Kaa hapo, dada," alisema. "Utaitwa."

Alimwita zamu yake ilipofika, namba tupu, kwa sauti ileile aliyowaitia wengine. Binti akatembea ukumbi. Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka, ukafungwa. Mama Kipaza aliwagawia namba wanaokohoa, wanaochechemea, wenye watoto mgongoni, na sijui kama alimsikia hata mmoja, kwa kuwa macho yalikuwa kwenye mlango ule. Alitamani awe nzi ukutani. Alitamani awe jagi la maji.

Binti alipotoka macho yalikuwa mekundu na pua imevimba. Alikuja dirishani, akarudisha kipande chake kama wagonjwa wote, na vidole vyake vikakaa juu ya vya mama kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Narudi wiki ijayo," alisema.

"Haya."

Akaondoka kwa mlango wa mbele. Mwanamke mmoja wa benchi la kwanza, jirani yao, rafiki wa foleni ya maji, aliinuka haraka akaja kuegemea dirisha, uso umechanua kwa hamu.

"Mama Kipaza, yule si kitindamimba wako? Ametoka analia! Anaumwa nini?"

Mama Kipaza alimtazama. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa kweli tupu, na lilimchoma, na angetoa chochote alicho nacho libadilike.

"Sijui," alisema. "Kaa chini, dada yangu. Bado hujaitwa."